Kisa cha Rufiji, 2024: mto uliopokonywa kalenda yake

Aprili 2024, katika kata ya Muhoro wilayani Rufiji, mitumbwi ilipita mahali ambapo wiki chache nyuma watu walikuwa wakitembea kwa miguu. Maji yalikuwa yameingia majumbani, na mpunga ambao haukuwa umefikia kuvunwa ulikuwa umezama pamoja na mahindi. Ng'ambo ya mto, wilayani Kibiti, hali ilikuwa ile ile. Waliowahi kuokoa godoro na sufuria walipanda sehemu za juu wakaanza maisha ya kambini. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima, kujeruhi 236 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000.

Mjadala uliofuata ulikwama kwenye swali moja: ni mvua, au ni Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme lililojengwa kuziba mto huo juu ya bonde? Wakazi wengi wa bondeni walinyoosha kidole kwenye mageti ya bwawa. Serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa za kupita kiasi, kwamba Rufiji imekuwa ikifurika tangu enzi za mababu, na kwamba bila ukuta ule madhara yangekuwa makubwa zaidi. Ninavyoona mimi, kila upande ulikuwa na ukweli wake, na jambo kubwa likapita katikati yao. Mkulima wa Rufiji hajawahi kuomba mto usifurike. Anachotaka kujua ni maji yatakuja lini, yatapanda kwa kasi gani na yatakaa siku ngapi. Kwa vizazi vingi mto wenyewe ulimpa majibu hayo, si kwa uhakika lakini kwa kiasi cha kumwezesha kupanga mwaka wake. Kufikia 2024 sehemu kubwa ya majibu ilikuwa imehamia bwawani. Matangazo ya kuwataka watu wahame yalitolewa, ni kweli, ila tangazo la kuhama halimsaidii mtu aliyekwisha kupanda.

Bonde linaloishi kwa mafuriko

Ili kuielewa hasara ya 2024, lazima kwanza mtu aelewe faida ya miaka mingine.

Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero unashuka na mvua za milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe, Luwegu unatoka kusini, na miwili hiyo ikikutana kwenye maporomoko ya Shuguri ndipo jina linapobadilika kuwa Rufiji. Ruaha Mkuu unaingia mbele kidogo, kabla ya korongo la Stiegler. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Kwa hiyo mtu wa Utete anaweza kuwa na jua kali utosini na mto bado ukawa unapanda, kwa kuwa mvua iliyoujaza ilinyesha huko juu siku kadhaa nyuma.

Baada ya korongo ardhi inafunguka ikawa tambarare pana, na mwishoni mto unagawanyika mikono mingi kuingia Bahari ya Hindi katikati ya mikoko inayokaribia hekta 53,000. Tambarare hiyo ndiyo shamba. Mpunga hupandwa kwa mvua za vuli, mapema kadiri mvua inavyoruhusu, ili mche uwe umekwisha kusimama kabla mto haujatoka kingoni. Maji yakipanda taratibu, mpunga hurefuka nayo. Yakipanda ghafla na kuufunika mche mzima kwa siku nyingi, mwaka wa mpunga umeisha hapo. Tofauti ya shibe na njaa iko kwenye kasi ya kupanda kwa maji zaidi ya wingi wake, na hili ndilo neno ambalo ningependa kila anayezungumzia Rufiji alikumbuke.

Kilele cha kawaida huwa mnamo Aprili. Mei na Juni maji yakishuka, yanaacha tope jipya lenye rutuba na unyevu wa kutosha miezi kadhaa. Hapo watu huanza kilimo cha mlau: mahindi, kunde, mboga, na zamani pamba kwa wingi. Mlau haungoji mvua wala mbolea ya dukani, na mazao yake hufika kati ya Agosti na Oktoba, mpunga wa nyumbani unapokuwa umepungua. Samaki nao wana ratiba hiyo hiyo. Kambale na perege hufuata maji mpaka kwenye maziwa madogo ya bondeni, wakazaliana humo, na mto ukirudi kitandani mwake maziwa yanabaki yamejaa kitoweo. Ziwa ambalo mto haukulifikia miaka miwili mitatu mfululizo huanza kuwa dimbwi.

Ndiyo maana mwaka ambao mto haukufurika kabisa ni mwaka mbaya Rufiji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochunguza upungufu wa chakula wilayani humo miaka ya 1970 walikuta kwamba lawama ya njaa haiwezi kutwishwa mafuriko makubwa peke yake. Ukame na mafuriko hafifu navyo vilikuwa na sehemu yao.

Na watu walijenga kwa kuufuata mto. Katika sehemu nyingine za nchi dungu ni jukwaa tu la kukaa mtu anayefukuza ndege shambani. Rufiji dungu ni nyumba kamili juu ya nguzo, ina ngazi, ina sehemu ya kulala na ya kupikia, na familia inaweza kukaa humo msimu mzima huku maji yakipita chini yake. Mtumbwi hufungwa kwenye nguzo. Wahandisi wangeweza kulitazama dungu kwa makini zaidi kuliko walivyowahi kulitazama.

Mara ya kwanza watu kuambiwa wapande juu

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza mwaka mmoja, na Serikali ikaona hapo nafasi ya kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuwaondoa watu kwenye hatari na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Wakazi wa bondeni wakahamishiwa kwenye ardhi ya juu. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia kwa miaka kadhaa uhamishaji mkubwa wa vijiji uliofanyika nchi nzima katikati ya miaka ya 1970. Nia yake siidharau. Mtoto aliyesoma, mama aliyejifungulia zahanati na mzee aliyepata gari la kumfikisha hospitali, wote walifaidika na vijiji vile.

Lakini shamba halikuhama. Udongo wa juu ni wa mchanga, unafaa mikorosho na mihogo, haubebi mpunga wala mlau. Watu wakajikuta wanalala upande huu na kula kutoka upande ule. Shamba lisilo na mtu usiku ni karamu ya nguruwe pori na viboko, na mchana ni zamu ya nyani na ndege. Hivyo familia zikarudi bondeni msimu wa kilimo, zikakaa kwenye madungu kwa miezi, kisha zikapanda tena kijijini baada ya mavuno. Watoto wengi wakawafuata wazazi wao na madawati yakabaki matupu, tatizo ambalo walimu wa Rufiji wamelilalamikia kwa miongo. Wengine waliachwa kijijini na bibi, au peke yao.

Ninalitaja hili kwa urefu kwa sababu kila mafuriko makubwa yanapotokea, 2020 na tena 2024, jibu la kwanza huwa ni lile lile: wananchi wahamie sehemu za juu. Linasemwa kana kwamba ni wazo jipya, na kana kwamba mkaidi anayebaki bondeni haoni hatari. Anaiona vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Anaona pia gunia la mpunga, na hakuna aliyemwonyesha litatoka wapi jingine. Kiwanja cha kujenga ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye nyumba yake ya udongo imeyeyuka. Kikiwa mbali na shamba bila njia inayopitika, kinaanzisha upya yale ya Operesheni Rufiji.

Ukuta wa mita 131

Wazo la kuziba mto kwenye korongo la Stiegler ni la zamani. Uchunguzi mkubwa ulifanyika miaka ya 1970, na mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA. Kisha mpango ukalala. Ulipoamka, ulienda kwa kasi: jiwe la msingi Julai 2019, kuanza kujaza maji tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Ukuta una kimo cha mita 131. Nyuma yake kuna nafasi ya maji yanayopita mita za ujazo bilioni 30, na mitambo yote ikizunguka inatoa megawati 2,115. Nchi iliuhitaji umeme huo, na mimi si mmoja wa wanaotamani ukuta ubomolewe.

Tuangalie basi ukuta unafanya nini kwa mafuriko, kwa kuwa hapa ndipo maneno mengi yalipotoka bila hesabu. Bwawa lenye nafasi tupu hupokea wimbi la maji, likalishika, kisha likalitoa kidogo kidogo. Huo ni msaada mkubwa kwa walio chini. Bwawa lililojaa halina pa kuweka, kwa hiyo kinachoingia lazima kitoke, la sivyo ukuta wenyewe unakuwa hatarini. Mwenye mitambo hupenda bwawa lijae, kwa maana kina kikubwa ndicho umeme mwingi. Mwenye shamba chini ya mto angependa masika yakianza bwawa liwe na nafasi. Bwawa ni moja, na matakwa haya yanavutana kila mwaka.

Tazama sasa mfuatano wa misimu. Masika ya 2023 bwawa lilikuwa bado linajazwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ambayo yangefika bondeni ilibaki nyuma ya ukuta. Msimu uliofuata ulikuja na El Niño. Mvua zilianza mapema na kwa nguvu mwishoni mwa 2023, ziwa likapanda kwa haraka, na masika yalipofika nafasi iliyokuwa imebaki ilikuwa ndogo. Njia ya kutolea maji kupitia mitambo nayo ilikuwa nyembamba, kwani mingi kati ya ile tisa haikuwa tayari. Kilichobaki ni mageti. Yakafunguliwa.

Hapo mkulima alikuwa ametoka kwenye mwaka wa maji machache na kuingia kwenye mwaka wa maji mengi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliomfikia kwa dalili alizozizoea. Inawezekana kabisa kwamba wimbi la juu kabisa lilipunguzwa na ukuta, kama Serikali ilivyosema. Mwaka 2020 ukuta haukuwa umeanza kuzuia maji na mto ulifurika vilevile. Lakini mpunga hauzami kwa wastani wa hesabu. Unazama kwa siku zile ulizofunikwa, na siku hizo sasa zinatokana kwa sehemu na uamuzi wa binadamu kwenye chumba cha kuendeshea mitambo. Ukweli huo unaleta wajibu ambao hapo zamani haukuwepo. Mtu hawezi kuudai mto maelezo. Mwenye geti anaweza kudaiwa.

Na taarifa zenyewe zimekaa kwa watu tofauti. TANESCO, shirika la umeme la taifa, ndiyo inayoendesha bwawa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatabiri mvua. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inapima mito, makao yake yakiwa Iringa. Halmashauri ya wilaya ndiyo yenye watendaji wa kata na vijiji wanaomfahamu kila mwenye nyumba. Maji yakitoka bwawani yana safari ndefu ya bonde zima kabla ya kufika Muhoro na delta, kwa hiyo muda wa kuonya upo. Onyo linalotakiwa kupita ofisi nne linautumia muda huo njiani.

Baada ya maji

Picha za angani huonyesha siku ile mapaa yanapoelea. Miezi inayofuata haina picha, na ndiyo mizito.

Choo cha shimo kikifurika, kilichomo kinaingia kisimani. Maji ya kunywa yanakuwa adui mtulivu kuliko yale ya mtoni, na kuhara hufuata, kipindupindu kikiwa karibu. Madimbwi yanayobaki yanazaa mbu. Mamba na viboko, ambao kwa kawaida mtu anajua wako wapi, wanakuwa popote maji yalipofika, pamoja na nyuma ya nyumba. Mwanamke anayekwenda kuchota maji au kuvuka kutafuta kuni ndiye anayekutana nao kwanza.

Halafu mbegu. Mkulima wa Rufiji huweka mbegu yake ya mpunga kutoka mavuno yaliyopita, aliyoichagua yeye, anayoijua inavyovumilia maji. Nyumba ikizama mbegu hiyo inazama nayo, na mbegu ya kununua, hata iwe nzuri, haijui bonde lile. Unga wa msaada humvusha mtu wiki kadhaa. Mbegu ya mahindi na kunde ikimfikia wakati maji yanashuka, anaweza kulima mlau kwenye tope lile lile lililomfilisi na akala mavuno yake kabla ya mwisho wa mwaka. Dirisha hilo ni la wiki chache tu, udongo ukikauka limefungwa. Kwa maoni yangu hakuna msaada unaolingana na mbegu iliyofika Mei au Juni, na hakuna uliopotea kama ile inayofika Septemba.

Mwaka 2024 msiba uliongezewa mwingine. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilipiga pwani hiyo kikipitia Mafia, na mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga. Ukanda mzima wa kusini ukawa umetengwa kwa siku kadhaa, wakati ambao malori ya chakula yalihitajika.

Liko pia jambo la polepole ambalo halitasikika kwenye taarifa ya habari. Tope lililokuwa linarutubisha bonde sasa linatua kwenye sakafu ya bwawa. Maji yanayotoka upande wa chini ni mepesi, yana njaa ya udongo, na huwa yanakula kingo za mto. Mikoko ya delta na kamba wanaokulia humo wanategemea tope hilo na maji baridi yanayokuja kwa msimu. Mafuriko yakidhibitiwa kupita kiasi, mlau utadhoofika mwaka hadi mwaka bila nyumba hata moja kuzama, na hapo hatutakuwa na kambi wala waandishi wa habari, tutakuwa na vijana wanaopanda basi kwenda Mbagala, Dar es Salaam.

Kinachoweza kufanyika bondeni

Ningeanza na ratiba. Kila mwaka kabla ya vuli kukolea, TANESCO na Bodi ya Maji wakae na halmashauri za Rufiji na Kibiti waseme wazi: bwawa litashushwa hadi kina gani kabla ya masika, maji ya kiasi gani yatatolewa mwezi gani, na ni mvua ya namna gani itakayolazimisha mpango huo ubadilike. Ndani ya ratiba hiyo kuwe na mafuriko ya makusudi, ya wastani, yanayopanda taratibu mnamo Aprili na kushuka Mei, ili mlau, maziwa ya samaki na mikoko vipate haki yao. Umeme kidogo utapotea kwa kufanya hivyo. Bonde lililishwa na maji hayo kabla ya gridi kuyajua.

Pili ni lugha ya onyo. Mita za ujazo kwa sekunde hazimwambii kitu mtu aliye kwenye dungu. Nguzo iliyopigwa rangi kando ya mto katika kila kijiji, yenye alama ya maji ya 1968, ya 2020 na ya 2024, inamwambia. Mtendaji akitangaza kwamba maji yatafika chini kidogo ya alama ya 2020 baada ya siku tatu, kila mtu anajua ahamishe nini na aache nini. Vipaza sauti vya misikiti viko karibu kila kijiji Rufiji, na simu ziko mifukoni mwa watu hata madunguni.

Kuhusu makazi nina maneno machache. Anayetaka kuhama apewe kiwanja chenye njia ya kwenda shambani inayopitika masika. Anayetaka kubaki msimu wa kilimo asaidiwe kujenga dungu imara, lenye nguzo zisizoliwa na mchwa na kimo kinachozidi alama ya 2024, na watoto wake wapate bweni kijijini.

Mwezi Desemba mkulima wa Muhoro atakuwa amesimama na mbegu mkononi, mvua za vuli zimekwisha kulainisha ardhi. Ana shamba la chini, lenye tope zito na mpunga mwingi, na ana kipande cha juu kidogo kinachotoa nusu yake. Akipanda chini na maji yakaja kwa pupa, amepoteza mbegu na nguvu za miezi minne. Akipanda juu na maji yasifike, amepoteza mwaka mzuri. Baba yake aliamua kwa kuutazama mto. Yeye, kabla hajachimba shimo la kwanza, anahitaji kusikia kutoka bwawani nafasi iliyobaki ni mita ngapi.